Kamba Yangu Haikuwepo Kwenye Msumari

Wiki sita sijaandika hapa. Wapo walioniuliza kama naumwa. Siumwi, ni magoti tu, na magoti yangu mnayajua. Mmoja aliuliza kama nimekufa. Nimemjibu kwamba bado.

Kwa mgeni aliyefika leo: mimi ni bibi wa mjini, nimesoma mpaka darasa la nne, na ninaandika kwa kidole kimoja kwenye simu aliyoniachia mjukuu wangu aliponunua nyingine. Mjukuu huyo anafanya kazi duka la dawa, na ndiye aliyenifungulia blogu hii. Aliniambia, "Bibi, hayo unayonisimulia kila jioni mpaka nasinzia, wasimulie na wengine." Basi naandika ninachokiona: vitabu ninavyonunua kwa muuza vitabu wa pale kituoni, vile vilivyopoteza jalada, maana hivyo havigombewi, mambo ninayoyakuta mtandaoni nikiwa natafuta kitu kingine kabisa, na watu wa jengo letu. Wasomaji wangu walikuwa arobaini na mmoja. Nilikuwa nawaona kama watu tuliokaa nao chumba kimoja, mlango umefungwa. Hapo ndipo nilipokosea, lakini twende taratibu.

Ninakaa chini, mlango wa tatu kutoka kwenye ngazi. Mlango wa nne ni wa Fundi. Wateja humwita Mama Fundi, mimi humwita Fundi tu, na yeye huniita Dada kwa kuwa nimemzidi miaka miwili. Akitaka kunichokoza huniita Kizee, kana kwamba yeye kazaliwa juzi. Huu ni mwaka wa thelathini na moja tunatazamana milango. Chumba chake cha mbele ndicho karakana: cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia, pasi, kioo kilichopasuka kona moja, na ukuta mzima wa misumari.

Kwenye misumari hiyo zinaning'inia kamba. Kila mteja ana yake, ya pamba, nene kidogo kuliko uzi wa kufumia. Fundi akikupima hashiki tepu yenye namba, anashika kamba. Kutoka ncha mpaka fundo la kwanza ni mabega yako, mpaka la pili ni mkono, kisha kiuno, kifua, nyonga, na urefu wa gauni. Kila fundo kalifunga kwa namna yake ili asilichanganye na jingine. Kwenye ncha ya juu anafunga kipande cha kitambaa cha nguo ya kwanza aliyokushonea, na kwa hicho anakujua. Changu kilikuwa cha bluu chenye madoa meupe, gauni la mwaka tuliohamia hapa.

Mume wangu alipofariki nilikonda, wala sikumwambia mtu. Siku moja nikaenda kuchukua sketi, nikaona fundo langu la kiuno limesogezwa. Hakuwa amenipima. Alikuwa ameniangalia tu nikipita ukumbini.

Na mteja akifa, au akihama moja kwa moja, Fundi huishusha kamba yake, akafungua fundo moja baada ya jingine kwa ncha ya sindano, akainyoosha kwa pasi, akaiweka kwa ajili ya mtu mwingine. Nilikuwepo alipofungua ya mume wangu. Ilimchukua muda mrefu.

Fundi hajui kusoma. Najua mtanirukia, kwamba bibi huyu hakukoma, analirudia tena hapa hapa. Subirini.

Kila siku saa kumi alasiri, jua linapoingia ukumbini kupitia kioo cha mwisho kule, mimi hutoa kiti changu, yeye hutoa chake na kazi ya mkono, vifungo au pindo, nami nikamsomea kitabu. Ukurasa mmoja na nusu kwa siku, ndio mwendo wangu, kwa kidole na miwani. Tulikuwa tumefika katikati ya hadithi ya mwanamke mkatisha tiketi wa stesheni ya reli, ambaye mtu asiyemjua kamwachia sanduku na hakurudi. Kila mkatisha tiketi akitaka kulifungua, anatokea mtu. Fundi alikuwa akisonya mpaka mwandishi huko aliko lazima alisikia.

Tukishamaliza ukurasa wa siku, nilikuwa namsomea na ujumbe wa simu yake. Mwanawe yuko mji wa mbali na mkewe, na huyo mkwe ni mtu wa kuandika: wenzake wanatuma neno, yeye anatuma ukurasa. Mimi nasoma, Fundi anajibu kwa mdomo, mimi nabonyeza. Mkwe hakujua. Miaka kumi na miwili alidhani anaandikiana na mama mkwe wake, wao wawili.

Sasa siku moja nilikuwa natafuta mtandaoni namna ya kufungua fundo la kamba ya kiatu lililolowa maji. Simu ikanipeleka kwingine, kama ilivyo tabia yake, nikakuta habari za watu wa kale wa nchi za milimani, ng'ambo huko, waliokuwa wakitunza hesabu za watu na mavuno kwa mafundo kwenye kamba. Nikaona na picha. Jamani! Si huu ni ukuta wa Fundi! Nikangoja aende kununua zipu, nikaingia, nikapiga picha misumari yote. Nikaandika, na nilichoandika nakikumbuka neno kwa neno: "Jirani yangu Fundi hajui hata herufi moja, lakini ukuta wake ni kitabu."

Nikaisoma mara tatu. Nikaona nimeandika la maana kuliko yote niliyowahi kuandika. Nikabonyeza.

Kufikia siku ya tatu walikuwa wamesoma watu elfu tisa. Mjukuu wangu alinipigia kutoka kazini kuniambia, na nyuma nilisikia wateja wakimwita. Kichwa kikanivimba. Nilipanda ngazi zote za jengo, na magoti haya haya, kumwambia dereva teksi wa juu kwamba nimekuwa mtu maarufu. Akaniuliza kama maarufu wana punguzo la nauli.

Kwa Fundi nilinyamaza kidogo. Nilitaka nimwambie saa kumi, kama zawadi.

Hatukufika saa kumi. Asubuhi ile ile walikuja vijana wawili wakataka kupiga picha ukuta, wakamwambia Fundi asimame pembeni, kivuli chake kinaharibu. Baada yao akaja mteja wake wa siku nyingi, mwalimu, akamletea daftari la watoto la kufuatishia herufi, lenye picha ya bata kwenye jalada na penseli yake. Alimwambia kwa sauti kubwa na polepole, "Hu-ja-che-le-wa, Mama Fundi." Kana kwamba asiyejua kusoma ni kiziwi pia. Kisha simu ikalia, na aliyepiga alikuwa mkwe.

Mimi nilikuwa napanga vyombo. Nikasikia mlango unabishwa, halafu kimya. Miaka thelathini na moja Fundi huingia kwangu huku akiita, na akifika ndani ndio anamaliza jina. Siku hiyo alibisha, akangoja nifungue.

"Umeandika nini?" akaniuliza.

"Nimekusifu, Fundi! Elfu tisa wamesoma. Elfu tisa, mwenzangu!"

"Nisomee."

Nikavaa miwani, nikaanza kwa sauti yangu ya saa kumi. Nilipofika kwenye "hata herufi moja" sauti ikapungua yenyewe. Nilikuwa nimeisoma sentensi ile mara tatu, lakini sikuwahi kuisoma yeye akiwa amesimama mbele yangu.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Mimi kazi yangu kuwavisha watu," akasema. "Wewe umenivua nguo, tena barabarani."

"Lakini Fundi, si ni kweli? Na wala si jambo la aibu, watu wamependa sana—"

"Ni kweli. Na ni yangu." Hakupaza sauti. Fundi akiwa na hasira sauti yake hushuka, mpaka ujisogeze kumsikia. "Mkwe kapiga. Kauona ukuta wangu huko kwenye simu, kasoma na maneno yako. Kaniuliza, 'Mama, yale niliyokuandikia mwaka ule nilipopoteza mimba, nani aliyasoma?' Nimjibu nini, Dada? Hebu nisaidie, wewe mwenye maneno."

Nikavua miwani.

Alipotoka nikamfuata mpaka mlangoni kwake, nikitafuta la kusema. Pazia lilikuwa limefungwa. Kesho yake lilikuwa wazi kidogo, nikachungulia, na macho yangu yakaenda yenyewe kwenye msumari wangu, wa safu ya pili, karibu na swichi ya taa. Ulikuwa mtupu.

Sijui kama mnanielewa. Nimezika mume, nimezika na mwanangu wa kwanza. Nilijua msumari mtupu ni nini kwenye ukuta ule. Nilirudi ndani nikakaa kitandani nimeshika kitambaa cha kufutia vyombo.

Mjukuu aliifuta ile habari jioni hiyo hiyo. "Imeondoka kwetu, Bibi," akasema, "ila watu wameshainakili."

"Basi waambie waifute na wao."

"Niwaambie wapi, Bibi? Hawakai nyumba moja tukawagongee."

Nikaenda kwa Fundi. Nikamwambia nimeifuta. Nikamwambia nitaandika nyingine ya kumwomba radhi, ndefu, mbele ya wote. Alikuwa anakata, mkasi haukusimama.

"Umeshaandika vya kutosha," akasema.

Niliona daftari la bata liko mezani. Alikuwa amelikata jalada, lile gamba gumu, akalifanya kipimo cha kuchorea mifuko ya suruali. Bata alikuwa amebaki kichwa.

Mimi nina subira. Sijisifu, ni mazoea tu; nimelea watoto watano kwenye chumba na nusu. Najua mtu aliyenuna hasukumwi. Lakini najua pia kwamba hasahauliwi, maana ukimwacha peke yake sana ataona hukumhitaji. Nikawaza, nina nini cha Fundi? Nikaona nina kile kitabu. Tangu tuache sikuwa nimekifungua. Kusonga mbele bila yeye kungekuwa kama kumlia mwenzangu chakula chake.

Basi saa kumi nikatoa kiti, nikakiweka kwenye mlango wangu, upande wangu, nisivuke hata kigae kimoja. Nikasoma kwa sauti.

Siku ya kwanza cherehani haikunyamaza, krrr, krrr, kutoka neno la kwanza mpaka la mwisho. Lakini mlio wa cherehani yenye kitambaa naujua, na mlio wa cherehani tupu naujua. Fundi alikuwa anashona hewa.

Siku ya tatu ilipunguza mwendo. Wiki ya pili ikawa nikifungua kitabu inanyamaza, nikifunga inaanza. Pazia halikutikisika. Dereva teksi alipita akishuka ngazi, akasimama.

"Bibi, unamsomea nani?"

"Namsomea ukuta."

"Unaelewa?"

"Unaelewa sana. Ila umenuna."

Cherehani ikanguruma ghafla, dereva akakimbia.

Hapa kwenye blogu sikuandika kitu. Kila nilipotaka kuandika nilimkuta mtu ndani yake: muuza vitabu na kikohozi chake, dereva na mkewe, yule dada wa juu anayeimba akioga. Nikajiuliza nani kati yao aliwahi kuniambia, chukua hiki upeleke kwa watu. Hakuna. Basi nikaweka simu chini.

Wiki ya tatu ilinyesha, ukumbi ukaingiwa na unyevu, na kitabu kisicho na jalada hunywa maji kama mche. Nilikuwa nasoma, mkatisha tiketi kafunga dirisha la ofisi, kaliweka sanduku juu ya meza. Nikageuza ukurasa. Mara mwanamke yumo ndani ya treni, sanduku li juu ya magoti yake, anatazama nje. Nikaona ajabu kidogo, lakini nikaendelea, maana waandishi wa siku hizi wana mambo yao.

"Sanduku limefunguliwa saa ngapi?"

Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Nikakiweka kidole kwenye mstari nisipapoteze.

"Nani anauliza?"

"Ukuta."

Nikang'ata mdomo. Nilijua nikicheka nimeharibu.

"Sijui," nikasema. "Nimegeuza ukurasa nikamkuta safarini."

"Umeruka! Wiki tatu nangoja lifunguliwe, na wewe unaniruka! Angalia vizuri, Kizee, hiyo miwani unavaa ya nini?"

Nikaangalia. Kurasa mbili zilikuwa zimeshikana kwa unyevu. Nikajaribu kwa ukucha, karatasi ikaanza kuchanika. Pazia likasogea. Akatoka na sindano yake, ile ndefu, akachukua kitabu mikononi mwangu bila kunitazama, akapitisha ncha katikati ya kurasa, taratibu, kutoka juu mpaka chini, kama anavyofungua mafundo. Zikaachana bila kupoteza herufi. Akanirudishia.

"Soma."

Nikasoma. Mkatisha tiketi akalifungua sanduku, na ndani mlikuwa na sanduku jingine, dogo, nalo limefungwa kwa kufuli.

Fundi alisonya kwa urefu wa ukumbi mzima. Kisha akacheka, na mimi nikacheka, mpaka akakaa kwenye kizingiti changu kwa kukosa kiti.

Tuliponyamaza nikamuuliza, "Mkwe je?"

"Ananitumia sauti sasa. Nabonyeza mwenyewe, nasikiliza mwenyewe."

"Anasemaje?"

"Anasema na mimi," akajibu.

Miaka kumi na miwili nimejua kila jino la wajukuu wa Fundi lilipoota. Sasa sitaambiwa ila Fundi akipenda, na sina wa kumlaumu.

Ndipo nikasema lile nililopaswa kusema siku ile ya kwanza, badala ya elfu tisa. "Nimekukosea, Fundi. Haikuwa yangu kuitoa."

"Haikuwa yako," akasema. Akaichomeka sindano kwenye kola yake. "Nami nisikufiche. Nilikufungua. Siku ile ile, mafundo yote sita."

"Niliona msumari."

"Nikakupiga na pasi. Nikataka kumpa kamba yule mwalimu wa bata." Akatafakari kidogo. "Nikaona hajafikia."

Akainuka, akaingia kwake, na pazia akaliacha wazi. Nikajua ni mimi ninayeachiwa. Nilipoingia alikuwa ameitoa kamba kwenye mtoto wa meza. Ilikuwa imenyooka, lakini pale mafundo yalipokaa miaka yote kulikuwa na vikunjo sita ambavyo pasi haikuviweza.

"Simama wima."

"Ndio wima wenyewe huu."

Akanizungushia mikono. Mabega, akafunga. Mkono, akafunga. Kiuno. Alikuwa akihema karibu na sikio langu, ananuka mafuta ya cherehani. Fundo la urefu lilipofika akasimama, akalinganisha na kikunjo cha zamani.

"Umefupika."

"Nimefupika?"

"Kidole kizima."

"Ni magoti hayo."

"Na mabega nayo ni magoti?"

Akatafuta kipande changu cha bluu. Alikipata karibu na mafuta ya mashine. Wiki zote zile alikuwa anakifutia mikono. Madoa yaliyokuwa meupe sasa ni ya kijivu. Akakifunga kwenye ncha hivyo hivyo.

"Kimechafuka," nikasema.

"Kimechafuka, na wewe umekosea," akasema. "Ning'iniza."

Sikuifikia misumari ya safu ya pili bila kusimamia vidole vya miguu. Aliniangalia nikihangaika, hakunisaidia.

Haya yote nimemsomea Fundi jana na leo, sentensi kwa sentensi, kabla ya kuyaweka hapa, na ndivyo itakavyokuwa kwa yeyote nitakayemwandika tangu sasa; dereva teksi ameshasikia yake, kaomba niseme gari lake ni safi. Fundi naye akamwomba mkwe ruhusa kwa sauti, kuhusu yale yake. Mkwe akasema nisibadilishe kitu, ila niandike kwamba alilia siku mbili, na kwamba hajanisamehe bado lakini yuko njiani. Nimeandika. Fundi mwenyewe amekata mambo matatu, msiniulize yapi, na akaongeza moja, kwamba mimi nilishindwa kujifunza kupachika mkono wa gauni kwa miaka thelathini na moja, na yeye hakuwahi kumwambia mtu.

Ile sentensi ya kwamba hajui kusoma nilitaka kuitoa.

"Iache," akasema. "Wameshajua. Ila safari hii wajue nimesema mimi."

Akauma uzi. Kisha akaniuliza wasomaji wako wangapi sasa. Nikamtajia.

"Wote hao," akasema, "na hakuna hata mmoja aliyeleta suruali."